Alfa Romeo 2000 GTV ya mwaka 1974: shajara ya ununuzi na ukarabati, kutoka Kisumu hadi Nakuru

Jumamosi, 10 Agosti 2024, Kisumu

Ninaianza shajara hii leo kwa sababu leo nimeliona gari lenyewe, nikaligusa, na kulala chali chini yake kwa muda wa saa nzima. Ni Alfa Romeo 2000 GTV ya mwaka 1974, yenye usukani upande wa kulia, na imekaa ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba moja mtaani Milimani, Kisumu, tangu mwenyewe alipofariki miaka mitatu iliyopita. Mjane wake, ambaye humu nitamwita Mama kama nilivyomwita ana kwa ana, alinikaribisha kwa chai kabla ya kuniruhusu kukaribia kibanda. “Kunywa kwanza, mwanangu,” alisema. “Mzee hakuwa akimwonyesha mtu gari hili kabla hajala kwake.”

Nimelitafuta gari la aina hii kwa miaka sita. Anayetaka gari kuukuu la Kiitaliano la safari ndefu hapa Kenya hawezi kuagiza tu kutoka ng’ambo, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane tangu lilipoundwa. Njia iliyobaki ni kuyasaka yale yaliyoingia nchini yakiwa mapya, na hayo hupungua kila mwaka, mengine yakiozea vichakani na mengine yakikatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Herufi GTV ni kifupi cha Gran Turismo Veloce, yaani gari la safari ndefu lenye mwendo wa kasi. Umbo lake lilichorwa na Giorgetto Giugiaro alipokuwa kijana katika karakana ya Bertone, na lilionekana hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1963 likiwa na injini ndogo zaidi. Hili la lita mbili liliundwa kuanzia 1971 hadi 1976. Injini yake ina ujazo wa sentimita 1,962 za ujazo, shafti mbili za kamu, zile zinazofungua vali, zinazozungushwa kwa mnyororo, bloku na silinda hedi za alumini, kabureta mbili zenye midomo miwili kila moja, na giaboksi ya gia tano, wakati magari mengi ya enzi hiyo yalikuwa na nne. Breki zake ni za diski kwenye magurudumu yote manne. Uzito wake ni kilo 1,040 hivi, na ndiyo maana injini ya ukubwa huo humtosha dereva hata leo.

Kabla ya kutazama uzuri nilitazama namba. Namba ya chasisi ya magari haya hugongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na kwa 2000 GTV yenye usukani wa kulia inatakiwa kuanza na 105.27. Nilipangusa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikamulika kwa tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya tarakimu, na zikajitokeza moja baada ya nyingine, zikiwa zimegongwa kwa kina kilicho sawa na bila alama ya kusagwa. Namba ya injini nayo inatakiwa kuanza na 00512. Injini ya 1750 huanza na 00548, na kwa kuwa zinaingiliana bila taabu, wapo wamiliki waliobadilishiwa bila kujua. Zote mbili zilikubaliana na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Kilichotofautiana ni rangi, kwa sababu logibuku inasema buluu ilhali gari ni jekundu. Niliinua zulia lililo chini ya kiti cha nyuma, nikakuta buluu ya kiwandani bado inang’aa kama sahani mpya.

Kisha nikatoa sumaku. Ni sumaku ya spika ya redio iliyovunjika, nimeivisha kipande cha flana ili isikwaruze rangi, na ndicho kifaa ninachokiamini kuliko vyote nilivyobeba. Penye chuma hushika, na penye puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, huanguka. Kwenye boneti, paa na milango ilishika vizuri. Niliposhuka hadi kwenye boksi la chuma linalopita chini ya mlango wa kushoto, ambalo kuanzia hapa nitaliita kizingiti, sumaku ilianguka mkononi mwangu mara tatu katika urefu wa sentimita 60.

Sehemu hiyo si urembo. Gari hili halina fremu ya chini inayojitegemea kama lori. Mwili wenyewe ndio unaobeba kila kitu, na vizingiti viwili ndivyo vinavyozuia mwili usipinde katikati. Kila kizingiti kimeundwa kwa tabaka tatu za chuma, la nje, la katikati na la ndani, na maji yakiingia kati ya tabaka hizo hayana haraka ya kutoka. Niliweka jeki mahali pake upande wa kulia, nikainua taratibu, na mlango ukafunguka na kufungwa bila shida. Upande wa kushoto nililazimika kutafuta mahali pengine, chini ya mkono wa ekseli, kwa kuwa mahali pa jeki palianza kutoa sauti ya kokoto zinazosagika. Gurudumu la nyuma lilipoachana na ardhi nilijaribu mlango. Ulikataa kufunguka. Nilipima upenyo kati ya mlango na nguzo ya nyuma: juu ulikuwa umebana kabisa, na chini ulikuwa umepanuka hadi milimita tisa.

Niliandika kipimo hicho daftarini na kukizungushia duara. Mengine niliyoyaona ni haya: tundu la gurudumu la akiba limeoza upande mmoja, bati la chini ya taa za mbele limeoza, sakafu ni nzima isipokuwa kona moja, na mhimili wa mbele unaobeba suspensheni ni mzima kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilale Kisumu badala ya kurudi Nakuru usiku huohuo.

Jumapili, 11 Agosti 2024, Kisumu

Jana jioni nilitoa plagi zote nne, nikamimina kijiko cha oili katika kila silinda, nikazungusha injini kwa mkono kwa spana ndefu ili kuhakikisha haijashikana, kisha nikaiacha ilale hivyo. Gari lililolala miaka mitatu halistahili kushtuliwa kwa stata siku ya kwanza, maana pete za pistoni zikiwa zimeshika kutu kidogo huvunjika.

Leo asubuhi nilifunga betri niliyokuja nayo, nikachomoa paipu ya petroli kutoka kwenye tangi na kuiingiza katika mtungi wenye lita tano za petroli mpya. Injini iliwaka kwa jaribio la tatu. Mama alitoka jikoni na kusimama mlangoni mwa kibanda bila kusema neno, akiwa ameshika ncha ya leso yake. Baada ya dakika chache alirudi ndani. Sikumfuata wala sikumuuliza.

Injini ilipopata joto niliizima na kupima mgandamizo wa kila silinda, kabureta zikiwa wazi kabisa ili hewa iingie bila kizuizi. Nilipata paundi 150, 148, 151 na 112 kwa inchi ya mraba. Kijana fundi aliyekuja kunisaidia alitikisa kichwa na kusema kwamba zote ni dhaifu, kwa sababu kitabu alichozoea kinataja 170 na kuendelea. Hapa nilimwomba tusimame kidogo, kwa kuwa ninafundisha fizikia na jambo hili limewakosesha watu wengi injini nzuri. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 12 likilinganishwa na Mombasa. Silinda haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuingia. Mia na sabini ya pwani ni kama 150 ya Kisumu, na ni kama 137 ya Nakuru, ambako tuko mita 1,850 hivi. Kinachopaswa kutazamwa ni tofauti baina ya silinda na silinda. Tatu za kwanza ni ndugu. Ya nne ni mgonjwa.

Tulimimina oili kidogo katika silinda ya nne na kupima tena. Kama pete za pistoni ndizo zilizochoka, oili huziba nafasi na kipimo hupanda. Hiki kilipanda hadi 116 tu, kwa hiyo tatizo liko juu, kwenye vali au gasketi ya hedi. Maji ya radieta hayakuwa na utando wa oili, na oili haikuwa na povu jeupe. Shinikizo la oili lilisimama imara injini ikiwa moto na ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, jambo linaloniambia kwamba chini ya injini kuna afya.

Nililiendesha ndani ya ua tu, mita 30 kwenda na 30 kurudi. Gia ya pili ilikwaruza, kama zinavyofanya karibu zote za Alfa hizi zikiwa baridi. Pedali ya breki ilizama polepole nilipoikanyaga kwa muda mrefu. Katika magari ya usukani wa kulia pedali zimesimama kutoka sakafuni na silinda kuu ya breki iko chini ya sakafu, mahali pa kupokea kila tope, kwa hiyo sikushangaa. Ila niliamua papo hapo kwamba gari hili halitafika Nakuru kwa magurudumu yake.

Ijumaa, 16 Agosti 2024, Nakuru

Mama anataka shilingi 1,800,000. Nimekaa siku tano na daftari langu nikibadilisha kila kasoro kuwa fedha. Injini hainitii hofu. Vali, gasketi, pete za giaboksi, silinda kuu ya breki, vyote hivyo vinatengenezwa hadi leo na vinaagizwa Uingereza au Italia kama mtu anavyoagiza viatu. Mwili hauagizwi. Mtu anaponiuliza kwa nini nililala chini ya gari saa nzima kabla hata sijauliza kama linawaka, jibu langu ni hilo. Nimeona Alfa mbili huko nyuma zilizokuwa na injini tamu na mwili uliojaa puti, nikaziacha zote mbili, na moja ilininyima usingizi kwa mwezi mzima.

Tulizungumza kwa simu juzi jioni. Nilimweleza Mama waziwazi kila nilichokiona, pamoja na mlango uliokataa kufunguka, na nikamwambia kwamba ninaweza kutoa 1,350,000 kutoka katika akiba yangu ya Sacco bila kugusa karo ya watoto. Alinyamaza kwa muda. Akaniuliza, “Utaliuza tena?” Nikamwambia, “Hapana, Mama.” Akasema atazungumza na watoto wake, nao wakakubali.

Likabaki suala la karatasi, nalo ni zito kuliko kutu. Logibuku ina jina la marehemu. Dalali mmoja aliyekuwa akilitaka gari hilohilo alikuwa amemshawishi Mama kwamba inatosha kuandikishana mkataba na kukabidhiana funguo, na mengine yatafuata. Hayafuati. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtu asiye na idhini ya mahakama haruhusiwi kuuza mali ya marehemu, na anayefanya hivyo anatenda kosa, hata akiwa mjane mwenyewe. Isitoshe, siku hizi uhamisho wa umiliki hufanyika kupitia akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ni muuzaji anayeuanzisha. Marehemu hafungui akaunti. Mnunuzi anayelipa kabla ya karatasi kukamilika hubaki na gari asiloweza kulikatia bima kwa jina lake wala kulisajili upya kwa rangi yake.

Habari njema ni kwamba familia ilikuwa imeshapata hati ya usimamizi wa mirathi tangu mwezi wa Juni. Bado haijathibitishwa, na kwa kawaida mahakama huthibitisha baada ya miezi sita kupita. Wakili ametuandikia makubaliano mafupi: nimeweka asilimia 10 mikononi mwake, gari litabaki kibandani kwa Mama, na malipo yaliyobaki yatatolewa siku hati itakapothibitishwa na watoto wote wakiwa wametia sahihi. Ikishindikana, fedha zangu zinarudi. Ni miezi minne ya kungoja, nami nimekubali.

Septemba 2024, Nairobi

Nilikwenda kwenye maonyesho ya Concours d’Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong. Maonyesho hayo huandaliwa na chama cha wamiliki wa Alfa Romeo, kwa hiyo hapana mahali pengine nchini ambapo mtu anaweza kusimama kati ya Alfa kadhaa zilizotunzwa na kuzilinganisha. Sikwenda kutazama mashindano. Nilikwenda na rula ya chuma na daftari, nikaomba ruhusa kwa wenyewe, na kupima nafasi za milango. Kwenye gari lililonyooka nilipata milimita nne hadi tano, kutoka juu hadi chini. Nilitazama pia jinsi ukingo wa chini wa kizingiti unavyokutana na bawa la mbele, kwa sababu hapo ndipo fundi asiye na kielelezo hukosea, akaunganisha kwa mstari ulionyooka mahali ambapo Bertone waliweka mkunjo mdogo. Nilipiga picha 41 za mkunjo huo.

Jumatano, 18 Desemba 2024, Kisumu

Hati imethibitishwa. Tulikutana kwa wakili, Mama na watoto wake watatu, nami nikiwa na shemeji yangu kama shahidi. Benki ilihamisha fedha kabla ya saa sita. Mwana mkubwa, aliyekuwa mkali kwangu kwenye simu, alinipa boksi la biskuti la bati lililojaa risiti za baba yake kuanzia mwaka 1979: oili, plagi, mabomba ya maji, tarehe na kilomita zimeandikwa kwa mwandiko uleule mwembamba. Nimezisoma zote usiku huu. Hedi ilifunguliwa mara moja tu, mwaka 1991.

Jumamosi, 11 Januari 2025, kutoka Kisumu hadi Nakuru

Tumelileta kwa lori la shemeji. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Ahero na Awasi, tukapanda kwenda Kericho, na huko mvua ikatushika kati ya mashamba ya chai. Nilisimamisha lori mara mbili kukaza kamba na kuhakikisha turubai halijafunguka juu ya kizingiti cha kushoto. Kutoka Mau Summit tulishuka polepole hadi Salgaa, na nikiwa nimeketi pale mbele nikitazama malori yaliyokuwa yakitoa moshi wa breki, nilishukuru kwamba pedali ile iliyozama haikuwa chini ya mguu wangu.

Gari sasa liko katika banda langu, upande wa Lanet. Nimeziba mianya ya banda kwa maturubai, kwa kuwa kiangazi hiki upepo unaleta vumbi. 

Jumamosi, 8 Februari 2025

Leo tumefungua kizingiti cha kushoto. Fundi wa bodi kutoka Shabab, mzee wa makamo anayeniita Mwalimu ingawa mimi ndiye ninayejifunza kwake, alianza kwa kuchomelea fremu ya vyuma vya pembe ndani ya gari, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili mwili usihame tutakapokata. Kabla ya hapo tulikuwa tumelipandisha juu ya stendi sita na kuzisawazisha kwa mpira wa maji wenye kuonyesha ndani, ule ambao waashi hutumia. Tuligeuzageuza parafujo za stendi kwa karibu saa mbili mpaka upenyo wa mlango uliporudi kuwa milimita tano juu na milimita tano chini. Gari linachomelewa likiwa katika umbo ambalo litabaki nalo. Likichomelewa likiwa limepinda, litapinda milele.

Kisha akaanza kukwangua. Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na praima ya kijivu, chini yake puti ya unene wa kidole gumba, iliyokatika kwa vipande vikubwa kama ugali uliopoa. Chini ya puti kulikuwa na bati jembamba lililofungwa kwa riveti za alumini. Fundi alilikunjua kwa koleo na kunikabidhi. Lilikuwa kebe la mafuta ya kupikia lililopasuliwa na kunyooshwa, na upande wa ndani maandishi yake ya manjano yalikuwa bado yanasomeka, pamoja na uzito: kilo mbili. Nyuma ya kebe hapakuwa na kitu. Tabaka la nje limeisha kabisa, la katikati limebaki kama wavu, na nilipoingiza mkono nilitoa udongo mwekundu uliolowana, majani makavu na unga wa kutu uliojaa sahani.

Ninakiri kwamba nilikasirika. Mtu alilipwa kwa kazi ile, na Mzee aliyetunza risiti ya kila plagi aliendesha familia yake juu ya kebe bila kujua. Simjui aliyelifanya na sitamtafuta. Fundi aliliangalia kebe, akasema, “Hili tuliweke, Mwalimu,” akalitundika ukutani kwenye msumari.

Tabaka la ndani, lile linaloshikana na sakafu, ni zima kwa theluthi mbili. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sumaku haikuweza kuniambia.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Mabati ya vizingiti yamefika kutoka Uingereza, ya kushoto yote matatu na ya kulia la nje pekee. Bei yake na usafiri ilikuwa Sh 118,000, na baada ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 imekuwa mbali zaidi na hapo. Sikuona aibu kulipa. Kona ya sakafu na tundu la gurudumu la akiba tunavitengeneza hapahapa kwa bati la chuma la milimita moja, kwa kuwa maumbo yake ni mepesi na Fundi anaweza kuyagonga juu ya kipande cha reli.

Tulibishana kidogo kuhusu mashine ya kuchomelea. Yeye amezoea ya vijiti, na kwa geti au trela hana mpinzani. Lakini bati jembamba hivi hutoboka kwa joto la kijiti. Tumekodi mashine ya waya yenye gesi kutoka kwa jirani wa Industrial Area. Baada ya kujaribu kwenye vipande vya takataka kwa nusu siku, alinionyesha kiungo ambacho sikuweza kukipasua kwa patasi. Tangu hapo hatujabishana. Anachomelea nukta moja mbele, moja nyuma, moja katikati, akiacha chuma kipoe, ili bati lisijikunje. Tabaka la ndani limekamilika leo. Kabla ya kulifunika kwa la katikati tumepaka praima yenye zinki pande zote mbili, na nimehakikisha kwa waya kwamba matundu ya chini ya kutolea maji yako wazi.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Fundi yuko kwao kwa mazishi, basi wiki hii nimeshughulikia hedi. Vali ya kutolea moshi ya silinda ya nne imeungua ukingoni, kipande cha upana wa ukucha kimelika, na hizo ndizo paundi karibu 40 zilizopotea Agosti. Gasketi yenyewe ilikuwa nzima, ila pete ndogo za mpira zinazozunguka njia za oili kati ya bloku na hedi zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama plastiki. Katika injini hizi pete hizo ndizo hushindwa kwanza, oili ikaanza kuchanganyika na maji, na watu wakadhani hedi imepasuka.

Silinda zenyewe ni mikebe ya chuma iliyosimamishwa ndani ya bloku la alumini, na hedi ikishatoka hakuna kinachoishikilia. Anayezungusha injini wakati huo huinyanyua na kuharibu mpira wa chini, na hagundui hadi maji yanapoonekana ndani ya karta, bakuli la oili lililo chini ya injini. Nimeibana yote minne kwa washa nene na nati kabla ya kugusa kitu kingine, na nimeandika kwenye karatasi kubwa juu ya injini: USIZUNGUSHE. Vali za kutolea moshi zina sodiamu ndani ili kupunguza joto, kwa hiyo ile iliyoungua haikatwi wala haisagwi. Nimeifunga na kuihifadhi.

Kwenye kabureta nimeona sababu ya plagi kuwa nyeusi. Jeti kubwa zilizomo, yaani vitundu vinavyopima petroli, ni za usawa wa bahari, na hata Kisumu zilikuwa zikimwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Nimeagiza za ukubwa wa chini kwa hatua mbili. Injini hii itapoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake hapa Nakuru kwa sababu ya hewa nyepesi, hilo haliepukiki, lakini haitatoa moshi.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tabaka la nje la kizingiti cha kushoto lilifungwa Alhamisi, pamoja na mkunjo ule mdogo unaokutana na bawa, ambao Fundi aliurudia mara tatu akiwa ameweka picha zangu za Nairobi kwenye kiti mbele yake. Leo tulikata fremu ya vyuma vya pembe na kuitoa. Kisha tukaondoa stendi moja baada ya nyingine, mpaka gari likasimama kwa magurudumu yake.

Nilileta jeki ileile niliyokwenda nayo Kisumu. Niliiweka mahali pa jeki upande wa kushoto, penye chuma kipya, nikaanza kuipandisha. Hapakuwa na sauti ya kokoto. Gurudumu la nyuma liliachana na sakafu, halafu la mbele likafuata, na mimi sikuwa nimetarajia hilo la pili. Ina maana upande mzima umeinuka kama kitu kimoja. Fundi alikuwa amesimama karibu na nguzo ya nyuma akiwa na rula ya chuma. “Tano juu,” alisema, akainama. “Tano chini.”

Nilivuta kishikio. Mlango ulifunguka kwa uzito wake wenyewe, nikausukuma kwa kidole kimoja, na ukafunga.

Jumatatu tunahamia upande wa kulia.